Namba ya Okteni, Ethanoli na Injini yenye Turbo

Gari dogo lenye turbo, lililoingizwa nchini kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, linaupanda mlima Kitonga katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Limebeba watu watano na mizigo yao, jua la mchana ni kali, na dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Katikati ya mlima injini inaanza kutoa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Dereva mzoefu huachia mafuta papo hapo na kurudisha gia. Asiye na uzoefu hupandisha sauti ya redio. Huyu wa pili pengine atafika Iringa salama. Lakini haitakuwa ajabu akiambiwa na fundi, baada ya siku chache, kwamba pistoni moja imetoboka, na kwamba gharama ya kuifufua injini hiyo inakaribia bei ya kununua nyingine.

Sauti hiyo mafundi huiita kugonga. Wengi hudhani ni chuma kinachogongana na chuma, na kwa hiyo huanza kutafuta beringi iliyokwisha au vali iliyolegea. Mara nyingi hakuna chuma kilicholegea hata kimoja. Kinachogonga ni gesi. Na ili kufahamu kwa nini gesi igonge, na kwa nini ethanoli itokanayo na miwa inaweza kuizuia isigonge, hapana budi kuingia ndani ya silinda wakati wa mwako.

Moto wa kawaida na moto wa ghafla

Katika mwako ulio sawa, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta mahali pamoja tu. Kutoka hapo ukingo wa moto husonga mbele hadi kuta za silinda, mithili ya moto wa nyika unaotembea kwa mstari. Kazi yote hiyo humalizika katika milisekunde chache. Kanieneo ndani ya silinda hupanda upesi, lakini hupanda kwa mfululizo, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu iliyo sawia.

Sasa ufikiriwe ule mchanganyiko ulio mwisho wa safari, ambao moto haujaufikia. Umekwisha kandamizwa na pistoni. Tena unakandamizwa mara ya pili na gesi zilizoungua, ambazo zinatanuka na kuusukuma kwenye kona. Halijoto yake inapanda. Ikipanda vya kutosha, na ikikaa juu kwa muda wa kutosha, mchanganyiko huo hujiwasha wenyewe, wote kwa mara moja, bila kungoja moto wa plagi uufikie. Mawimbi ya kanieneo yanayotokea hupiga kuta za silinda na kurudi, na mitetemo hiyo ndiyo sauti anayoisikia dereva.

Sauti yenyewe haidhuru kitu. Lililo baya ni kwamba mawimbi hayo hufagia tabaka jembamba la gesi isiyo na joto kali sana ambalo kwa kawaida hukaa juu ya pistoni na kuikinga kama blanketi. Blanketi likiondoka, joto la mwako huingia moja kwa moja katika pistoni. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi za pistoni huyeyuka chini ya hapo. Moto wa petroli hupita nyuzi 2,000. Mwanafunzi hahitaji hesabu zaidi ili aone mwisho wake.

Kipimo cha kuvumilia mkandamizo

Mafuta hayalingani katika kuvumilia mkandamizo na joto. Mwezi Desemba 1921 mhandisi Mmarekani Thomas Midgley aligundua kwamba tetraethili ya risasi, ikitiwa kidogo tu katika petroli, huzuia kugonga. Ugunduzi huo uliitawala biashara ya petroli kwa muda wa nusu karne na zaidi, na ukawatia watu sumu ya risasi duniani kote. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari, Aljeria, iliacha 2021. Lakini nguvu ya dawa haiwezi kujulikana pasipo kipimo. Kipimo kilitolewa na Graham Edgar katika miaka ya 1926 na 1927. Alichukua haidrokaboni mbili: heptani nyoofu, ambayo hugonga upesi sana, akaipa namba 0, na isooktani, ambayo huvumilia sana, akaipa namba 100. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani huitwa petroli ya okteni 95. Haimaanishi kwamba ndani yake mna isooktani asilimia 95. Pengine haimo hata robo ya kiasi hicho.

Upimaji hufanywa katika injini maalumu yenye silinda moja, ambayo uwiano wake wa mkandamizo unaweza kuongezwa au kupunguzwa huku ikiendelea kuzunguka. Kuna njia mbili. Ya kwanza, iitwayo njia ya utafiti, huizungusha injini mara 600 kwa dakika; ya pili, iitwayo njia ya mota, huizungusha mara 900 na kuutia mchanganyiko joto zaidi kabla haujaingia. Kwa petroli ile ile njia ya pili hutoa namba ndogo. Ulaya, Japani na Afrika Mashariki hutaja namba ya utafiti. Marekani huandika kwenye pampu wastani wa namba mbili hizo. Kwa hiyo petroli iliyoandikwa 87 huko Marekani ni kadiri ya 91 au 92 kwa hesabu ya huku, na kijana anayesoma kitabu cha Kimarekani juu ya ufundi wa injini asipojua jambo hili atadanganyika tangu ukurasa wa kwanza.

Kosa jingine lililoenea ni kudhani kwamba okteni ni kipimo cha nguvu za mafuta. Sivyo. Lita moja ya petroli ya 98 haina nishati inayozidi kwa namna ya maana ile ya 91. Injini iliyoundwa kwa 91 haipati faida yoyote ikinyweshwa 98, isipokuwa mwenye gari kupungukiwa na fedha. Namba kubwa humruhusu mhandisi kukandamiza zaidi na kuwasha mapema zaidi. Asipoitumia ruhusa hiyo, mafuta ghali yamekwenda bure.

Turbo huongeza hewa, na joto pia

Alfred Büchi wa Uswisi aliandikisha wazo la turbo mwaka 1905. Moshi utokao katika injini, ambao vinginevyo ungepotea na joto lake na mwendo wake, hupitishwa katika gurudumu la turbini. Turbini hulizungusha gurudumu la kompresa lililo kwenye mhimili huo huo, na kompresa huisukuma hewa kuingia katika silinda kwa wingi kuliko ambavyo injini ingeweza kuivuta yenyewe. Hewa ikizidi, mafuta yanaweza kuzidi, na nguvu huzidi. Vali moja ndogo huupitisha moshi kando ya turbini pindi kanieneo inapofikia kikomo kilichowekwa.

Ila hewa ikikandamizwa hupata joto. Yeyote aliyejaza upepo wa baiskeli kwa pampu ya mkono amelihisi jambo hili kwenye kiganja. Kanuni yake kwa gesi isiyopoteza joto ni hii: halijoto ya mwisho, kwa kelvini, ni halijoto ya mwanzo ikizidishwa kwa uwiano wa kanieneo uliopewa kipeo cha 0.286. Ichukuliwe hewa ya nyuzi 27, yaani kelvini 300, na kompresa inayoongeza kanieneo mara 1.7. Jibu ni kelvini 349. Lakini kompresa halisi haifanyi kazi kwa ukamilifu. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 70, ongezeko la nyuzi 49 huwa nyuzi 70, na hewa hutoka ikiwa na nyuzi 97, karibu na maji yanayochemka.

Hewa hiyo bado haijakandamizwa na pistoni. Ikiwa uwiano wa mkandamizo wa silinda ni 9, na yakisahauliwa kwa muda mafuta na joto linalopotea kwenye kuta, halijoto huzidishwa mara 2.41. Hewa iliyoingia na kelvini 300 hufika kelvini 722 kabla ya cheche. Iliyoingia na kelvini 370 hufika 891. Nyuzi 70 mlangoni zimekuwa nyuzi 169 ndani. Ndiyo sababu magari ya turbo huwekwa kipoza hewa, mfano wa rejeta ndogo mbele ya gari. Kikiishusha hewa hadi kelvini 330, mwisho wa mkandamizo huwa 795, na karibu kelvini 100 zimeokolewa kwa kifaa ambacho baadhi ya wenye magari hukiacha kizibwe na tope.

Hapa lipo jambo linaloihusu hasa nchi ya milima. Injini isiyo na turbo, ikipanda kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, hupungukiwa na hewa na hivyo hugonga kwa nadra zaidi. Injini yenye turbo mambo yake ni kinyume. Katika mwinuko wa meta 1,700 kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 83 hivi badala ya 101 za pwani. Iwapo mitambo ya gari inalinda kanieneo ile ile katika mfereji wa kuingizia hewa, basi kompresa iliyokuwa ikizidisha mara 1.7 pwani lazima izidishe mara 2.07 kule juu, na kwa hewa yenye joto sawa ongezeko la nyuzi 70 huwa nyuzi 99. Dereva haoni tofauti yoyote katika mshale wa kanieneo. Gesi iliyo kwenye kona ya silinda huiona.

Yaongezwe kwamba magari mengi ya turbo yatokayo Japani yalirekebishwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu ya huko. Kanuni za Japani zinataka petroli ya kawaida isipungue okteni 89 na ya daraja la juu isipungue 96, na hiyo ya juu katika vituo vyao hufika karibu 100. Gari lililozoea 100, likinyweshwa 93 au 95 chini ya mzigo na joto, ndilo lile lililosikika Kitonga.

Ethanoli na hesabu zake

Ethanoli, C2H5OH, ni ile ile alkoholi inayopatikana kwa kuchachusha molasi na kukeneka. Okteni yake kwa njia ya utafiti ni karibu 108. Lakini namba hiyo haielezi sifa yake yote, na kwa injini ya turbo sifa iliyo kubwa zaidi ni nyingine.

Kwanza, ethanoli huingia chemba ikiwa imekwisha beba oksijeni ndani ya molekuli yake, kwa hiyo huhitaji hewa kidogo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuhakikisha mwenyewe. Katika mwako wake, molekuli moja ya ethanoli huungana na molekuli tatu za oksijeni na kutoa molekuli mbili za kaboni dayoksaidi na tatu za maji. Gramu 46 za ethanoli, basi, hutaka gramu 96 za oksijeni. Hewa ina oksijeni asilimia 23.2 kwa uzito. 96 ikigawanywa kwa 0.232 hutoa gramu 414 za hewa. Na 414 kwa 46 ni 9.0. Akifanya vivyo hivyo kwa isooktani, C8H18, atapata 15.1. Petroli ya pampu, iliyo mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi zikiwamo za jamii ya benzini, huhitaji 14.7 hivi.

Pili, kilo moja ya ethanoli hutoa megajuli 26.8 za joto, ilhali petroli hutoa 43.5 hivi. Wengi huishia hapo na kuhukumu kwamba ethanoli ni dhaifu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kinachoiwekea injini mpaka ni hewa. Mafuta huongezwa kwa kugeuza kipimo tu. Kwa kila kilo moja ya hewa, petroli hutoa 43.5 kwa 14.7, yaani megajuli 2.96, ethanoli hutoa 26.8 kwa 9.0, yaani 2.98. Ni mamoja. Tangi ndilo litakaloisha mapema, injini haitadhoofika.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu wa somo: kilo moja ya ethanoli ikigeuka mvuke hunyonya kilojuli 900 hivi za joto, petroli hunyonya kama 350. Kwa kuwa ethanoli huingia kwa wingi zaidi, tofauti hujizidisha. Kwa kila kilo ya hewa, ethanoli hunyonya kilojuli 100, petroli 24. Kilo ya hewa huhitaji takriban kilojuli moja tu ili ibadilike joto kwa nyuzi moja. Kama joto lote lingetoka katika hewa, ethanoli ingeipoza kwa nyuzi 100! Kwa kweli sehemu ya joto hutoka katika chuma cha mfereji na cha vali, na baadhi ya mafuta huchelewa kugeuka mvuke, hivyo upozaji halisi ni mdogo kuliko huo. Hata hivyo ethanoli ni kipoza hewa cha pili kilichomo ndani ya mafuta yenyewe, na kazi yake hutendeka mahali ambapo joto linadhuru zaidi.

Funzo la Brazili

Nchi iliyojaribu mambo haya kwa mapana ni Brazili. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, serikali yake ilianzisha mpango wa alkoholi, Proálcool, tarehe 14 Novemba 1975. Mhandisi Urbano Ernesto Stumpf na wenzake, katika taasisi ya anga iliyopo São José dos Campos, walikuwa wametangulia kufanya majaribio ya injini za alkoholi. Mwaka 1979 Fiat 147 ya alkoholi tupu iliuzwa kwa umma, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya alkoholi.

Injini hizo hazikuwa na turbo. Wahandisi waliitumia okteni kubwa kwa njia iliyokuwa rahisi: waliongeza uwiano wa mkandamizo hadi 11 au 12, wakati ndugu zake za petroli zilikuwa na 7 au 8. Ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa mtego. Uwiano wa mkandamizo hukatwa katika chuma. Hauwezi kugeuzwa kituoni. Mwaka 1989, bei ya sukari na siasa za bei ya mafuta zilipobadilika, alkoholi iliadimika na watu wakapanga misururu kwenye vituo wakiwa na magari ambayo hayangeweza kunywa petroli bila kugonga. Imani ya wanunuzi ilivunjika, na soko la magari ya alkoholi likaanguka. Haikurudi mpaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol iliyoweza kutumia petroli, alkoholi au mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Lakini injini ya namna hiyo, ikiwa na uwiano mmoja wa mkandamizo, ni ya suluhu: ni mkubwa kidogo kwa petroli, ni mdogo kidogo kwa alkoholi.

Turbo huiondoa suluhu hiyo. Uwiano wa chuma hubaki ule ule, mathalani 9, lakini kanieneo ya kuingilia hewa yaweza kupunguzwa kwa petroli duni na kuongezwa kwa ethanoli, tena papo kwa papo. Kampuni ya Saab ya Sweden ililiona jambo hili mapema. Katika gari lake la 900 Turbo la mwaka 1982 iliweka mtambo uliobuniwa na Per Gillbrand na wenzake: kifaa mfano wa maikrofoni kilifungwa kwenye bloku ya injini, kikisikiliza, kikisikia kugonga, vali ya umeme iliifungulia turbo njia ya kupumua na kanieneo ikashuka mpaka sauti ikome. Gari likatumia petroli ya namba tofauti bila dereva kugusa kitu. Baadaye Saab ilikwenda mbali zaidi: plagi yenyewe, baada ya kutoa cheche, ilipitishiwa volti ndogo, na mkondo uliopita katika ioni za gesi iliyoungua ukaieleza kompyuta kama mwako ulikuwa mwema au mbaya.

Mwaka 2005 kampuni hiyo iliuza Sweden gari la 9-5 BioPower lenye injini ya lita 2.0. Kwa petroli injini ilitoa nguvufarasi 150 na nyutoni-meta 240. Kwa mafuta yenye ethanoli asilimia 85 ilitoa nguvufarasi 180 na nyutoni-meta 280. Pistoni ni zile zile, turbo ni ile ile. Kilichobadilika ni kanieneo na wakati wa cheche. Kila baada ya kujaza tangi, kompyuta ilikitazama kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi na kukadiria ni mafuta gani yaliyomo. Saab yenyewe ilifilisika Desemba 2011, kwa sababu zisizohusiana na okteni.

Kazi ya fundi

Mtu akitaka kulibadili gari la turbo litumie ethanoli, mpangilio wa kazi una umuhimu kuliko vifaa. Kosa linaloua injini nyingi ni kuanza na turbo, kwa kuwa kuongeza kanieneo ni kazi ya dakika kumi na huleta raha ya mara moja. Hapana budi kuanza na mafuta.

Kwa uzito, ethanoli huhitajika mara 14.7 kwa 9.0, yaani mara 1.63 ya petroli. Kwa kuwa lita yake ina uzito zaidi kidogo, kwa ujazo ni mara 1.54. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko kamili wa mipigo minne huchukua milisekunde 20. Ikiwa nozeli za petroli hufunguka kwa milisekunde 14 wakati wa mzigo mkubwa, kwa ethanoli zitatakiwa kufunguka kwa 21.5, yaani muda unaozidi mzunguko wenyewe. Nozeli itabaki wazi daima na bado mafuta hayatatosha. Mchanganyiko wenye upungufu wa mafuta chini ya turbo huwaka kwa joto kali, na pistoni hutoboka hata kama okteni ni 108. Nozeli kubwa zaidi, na pampu inayoweza kuzilisha, si anasa.

Kisha uje uwiano wa hewa na mafuta. Kihisi cha oksijeni hakijui mafuta ni yapi; hujua tu kama oksijeni imebaki au imepungua. Wahandisi hukitumia kipimo kiitwacho lambda: 1 ni sawasawa, chini ya 1 mafuta yamezidi. Injini ya turbo yenye mzigo mkubwa huwekwa karibu na 0.8. Kwa petroli hiyo ni 11.8 za hewa kwa moja ya mafuta. Kwa ethanoli ni 7.2. Ila saa nyingi zinazouzwa zimeandikwa namba za petroli tu, na fundi anayesikia kwamba ethanoli hutaka 9, akaongeza mafuta mpaka saa hiyo isome 9, ameifikisha lambda 0.61 na ameyaosha mafuta ya kulainishia kwenye kuta za silinda. Ni afadhali azisahau namba hizo na aisome lambda peke yake.

Ndipo ifuate cheche. Kilele cha kanieneo kinafaa kitokee nyuzi 15 hivi za mzunguko wa kranki baada ya pistoni kupita kileleni. Kwa petroli chini ya turbo, fundi hulazimika kuichelewesha cheche kwa kuogopa kugonga, na nguvu hupotea kwenye ekzosi. Kwa ethanoli anaweza kuiwahisha kidogo kidogo hadi mahali ambapo kuongeza tena hakuleti nguvu. Hapo ndipo pa kusimama. Ukimya wa ethanoli una hatari yake: petroli hulalamika mapema, lakini injini ya ethanoli iliyosukumwa mno haitoi onyo mpaka fito za pistoni zipinde au gasketi ya silinda hedi ing'oke. Kanieneo ya turbo huongezwa mwisho, baada ya hayo yote kutulia.

Mambo mengine yatajwe kwa ufupi. Ethanoli hula baadhi ya mpira na huzidhuru zinki na alumini zisizokingwa, hasa ikiwa na maji. Huyeyusha uchafu wa miaka mingi katika tangi na kuuleta kwenye chujio, kwa hiyo chujio la kwanza hubadilishwa upesi. Mvuke wake hautoshi kuwaka chini ya nyuzi 13 hivi, jambo lisiloisumbua Tanga lakini linaloweza kumchelewesha mtu wa Njombe asubuhi ya Julai. Wabrazili waliweka kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia, na Waswidi hupunguza ethanoli hadi asilimia 75 wakati wa baridi. Na gharama: lita ya mafuta ya asilimia 85 ina nishati kama asilimia 70 ya lita ya petroli, hivyo ikiuzwa kwa bei inayozidi saba ya kumi ya petroli, mwenye gari anapata hasara.

Kuipima petroli darasani

Si lazima ethanoli iwe nyingi ili ifae. Molekuli yake ni ndogo, hivyo asilimia 10 kwa ujazo ni karibu moja ya tano ya molekuli zote, na asilimia 27 ni karibu nusu. Ndiyo maana kiasi cha kwanza hupandisha okteni zaidi kuliko cha mwisho. Malawi imechanganya ethanoli ya miwa katika petroli tangu 1982, na Kenya ilichanganya ile ya Muhoroni tangu 1983 hadi 1993. Yeyote anayetaka kurekebisha injini katika nchi inayochanganya hapana budi ajue kwanza kilichomo tangini.

Kipo kipimo kinachotumika Brazili ambacho shule yenye maabara ndogo inaweza kukifanya. Kifanyike nje, mbali na moto wa aina yoyote, chini ya usimamizi wa mwalimu. Katika silinda ya kupimia ya mililita 100, yenye kizibo, hutiwa mililita 50 za petroli, kisha mililita 50 za maji yenye chumvi asilimia 10. Kizibo hufungwa, na silinda hugeuzwa juu chini taratibu mara kumi bila kutikiswa, kisha huachwa itulie kwa robo saa. Ethanoli huiacha petroli na kuifuata maji, kwa sababu kundi lake la haidroksili huambatana na maji kwa nguvu zaidi. Chumvi husaidia kuzitenganisha tabaka. Tabaka la maji huongezeka. Ongezeko huzidishwa kwa mbili na kuongezwa moja, na jibu ni asilimia ya ethanoli.

Mstari ukisimama kwenye 63, ongezeko ni 13, na petroli hiyo ina ethanoli asilimia 27. Kwa uzito ni kama asilimia 28, na hewa inayohitajika ni 0.28 mara 9.0 jumlisha 0.72 mara 14.7, yaani karibu 13.1 badala ya 14.7. Ukisimama kwenye 50, haimo ethanoli hata kidogo, na mwenye gari la turbo aliyeuziwa mafuta hayo kwa jina la mchanganyiko airudishe kanieneo chini kabla hajaanza kupanda.